Redio ya Bibi na Sisi Wanne



Ndugu msomaji, mwaka jana sisi mafrateri wanne wa darasa la falsafa tulipewa zawadi na bibi mmoja wa parokia ya jirani. Marehemu mume wake alikuwa baharia, na katika safari zake alinunua risiva ya Pioneer aina ya SX-1250, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Risiva ni redio na amplifaya katika sanduku moja: hupokea matangazo, huyapa nguvu, kisha huyapeleka kwenye spika. Bibi alituambia, "Wajukuu zangu, tangu mzee aondoke nyumba yangu imekuwa kimya. Ichukueni, ikaimbe huko kwenu."

Ina uzito wa karibu kilo 30. Kutoka getini hadi bwenini tuliibeba wawili wawili kwa kupokezana, tukapumzika mara tatu.

Fundi redio alipoifungua kuisafisha, tuliona uzito huo unatoka wapi. Ndani mna transfoma kubwa ya chuma iliyozungushiwa nyaya za shaba, kapasita nene kama makopo, na mapezi ya kupoza joto. Miaka ile kampuni kama Pioneer, Sansui, Kenwood na Marantz zilishindana kwa wati, hasa katika soko la Marekani. Mwaka 1974 serikali ya nchi hiyo iliweka kanuni: wati zinazotangazwa ziwe zile ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo, si kwa kufumba na kufumbua. Risiva yetu ilitangazwa kuwa na wati 160 kwa kila upande, na ili izitoe kweli ilihitaji chuma na shaba nyingi. Leo utaona boksi la sabufa limeandikwa maelfu ya wati, nawe unalibeba kwa mkono mmoja. Tulilipenda sana fundisho hilo, tukawa tunalisimulia mezani: mkweli hubeba uzito wa maneno yake.

Laiti tungeishia hapo. Tuliiweka chumbani kwetu, tukaipaka mafuta ubao wake, tukaishonea kitambaa. Jioni tuliifungulia Radio Maria kwa sauti ndogo na kukaa kuitazama tu taa zake. Mafrateri wa mwaka wa kwanza walipoomba kuja kusikiliza mpira, tulisema, "Mtaiunguza." Walipoomba mara ya pili, tulifunga mlango kwa ufunguo. Kila mmoja wetu aliiita "yetu", na neno hilo lilitufurahisha kwa sababu halikuwahusu wengine.

Likizo ndefu ikaja. Tuliifunika vizuri, tukaenda makwetu. Tuliporudi na kuiwasha, upande mmoja ulikuwa bubu na mwingine unakwaruza. Tulimrudia fundi tukidhani kuna kitu kimeungua. Alicheka. "Hakuna kilichoungua. Swichi na vitufe vya redio hizi hushika kutu visipoguswa. Na kapasita za zamani nazo huharibika zikikaa muda mrefu bila umeme. Hii haikuchoshwa na kazi, mafrateri, imechoshwa na kukaa."

Wiki hiyohiyo Bibi alikuja kusali Jumapili seminarini. Baada ya Misa aliwauliza vijana wa mwaka wa kwanza kama wanaifurahia redio ya mzee wake. Mmoja akajibu kwa heshima zote, "Shikamoo Bibi. Ile si yetu, ni ya kaka zetu wa mwaka wa pili." Tulikuwa tumesimama nyuma yake, tukasikia. Bibi hakutugombeza. Alitutazama tu, akauliza, "Kumbe na huku imekuwa kimya?"

Hatukuwa na jibu. Lililotuumiza zaidi ni kwamba muhula uliotangulia tulikuwa tumefanya mtihani juu ya jambo hilohilo. Aristotle alifundisha kwamba mali iwe ya mtu binafsi, lakini matumizi yake yawe ya pamoja. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliendeleza wazo hilo katika Summa: mtu anaruhusiwa kumiliki na kutunza, ila katika kutumia asihesabu vitu kuwa vyake peke yake, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Sote wanne tulifaulu swali hilo, huku ufunguo wa chumba ukiwa mfukoni.

Tulikwenda kwa Baba Gombera, tukamweleza yote, tukaomba risiva ihamie ukumbi wa mapumziko. Safari hii vijana wa mwaka wa kwanza walitusaidia kuibeba. Fundi alisafisha swichi, pande zote mbili zikarudi. Jumapili iliyofuata tulimwalika Bibi. Alikaa mbele ya spika, mikono mapajani, akasikiliza kwaya moja hadi mwisho bila kusema neno, kisha akaomba tuongeze sauti.

Hatujapona kabisa. Juzi mtu aliweka kikombe cha chai juu ya ule ubao, kikaacha alama ya duara, na mioyo yetu minne ikaruka. Tulifuta, alama haikutoka. Lakini redio inawashwa kila siku, na haijakwaruza tena.

Nawe, ndugu msomaji, kama una kitu kizuri ulichokifunika kwa kitambaa, mwite jirani akusaidie kukibeba. Mtuombee nasi.