Malkia Asiyekufa

Riwaya ya H. Rider Haggard iitwayo She ilianza kutolewa kwa mafungu katika gazeti la The Graphic la London mwezi wa Oktoba 1886, ikatoka kuwa kitabu mwaka 1887. Wasomaji wa Kiswahili humjua zaidi mwandishi huyu kwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Riwaya hii nyingine ni ngumu kufasiri tangu jina lake, maana Kiswahili hakitengi mume na mke katika neno "yeye", na nusu ya kitisho cha jina hilo imo katika kutenga huko.

Waingereza watatu, Holly mwanachuoni wa Cambridge, Leo kijana aliyemlea, na Job mtumishi wao, wanavunjikiwa na jahazi katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Wanavuka vinamasi mpaka magofu ya Kor, ambako Ayesha anawatawala watu waitwao Amahagger. Ayesha aliwahi kuoga moto wa uhai uwakao katika tumbo la ardhi, na kwa miaka ipatayo elfu mbili hajazeeka wala hajafa. Anamngoja Kallikrates, mwanamume aliyemwua yeye mwenyewe kwa wivu, arudi duniani. Na anapomwona Leo anaamini kuwa amerudi.

Aghalabu kinachosimuliwa ni mapenzi hayo, na utawala husahauliwa. Hili ni kosa, kwa sababu utawala ndio wenye maana nzito zaidi. Ayesha hana jeshi kubwa. Ana walinzi kidogo na watumishi mabubu, na anakiri mbele ya Holly kwamba watu wake anawashika kwa hofu tu: mara mojamoja huwaua baadhi yao kwa mateso, na wengine hutulia. Mfalme apaswaye na mauti hulazimika kusuluhishana hata na watoto wa adui zake, kwa kuwa watoto hao watakutana na mwanawe siku yeye hayupo. Ayesha halazimiki. Hana mrithi, wala mshauri, wala mtu wa rika lake wa kumwambia kuwa amepotoka. Kwake kizazi kizima cha watu ni mazao ya msimu mmoja.

Amri zake nazo hufuatwa kwa herufi, si kwa maana. Aliagiza kwamba wageni weupe wasidhuriwe. Basi Amahagger wakataka kumwua Mohamed, nahodha Mwarabu, kwa kumvika chungu chenye moto kichwani, maana yeye hakutajwa katika amri. Mahali penye hofu kila mtu husoma amri jinsi mwanasheria mbaya asomavyo mkataba.

Mpinzani wa kweli wa Ayesha ni mmoja tu, Ustane, msichana wa Amahagger aliyemchagua Leo awe mume wake kwa desturi ya watu wake. Anaamriwa aondoke, anakataa. Ayesha anamgusa nywele, na alama tatu nyeupe za vidole zinabaki kichwani. Ustane anarudi vilevile, mpaka anauawa kwa kutazamwa tu. Katika kitabu chote hapana ushujaa upitao huu, na Haggard anaupa kurasa chache mno.

Baadaye Ayesha anataka kwenda Uingereza pamoja na Leo, amwondoe Malkia Victoria katika kiti chake. Holly anashikwa na hofu. Jambo hili lilichapwa karibu na sherehe ya miaka 50 ya enzi ya Victoria, iliyofanywa mwaka 1887. Na mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeafikiana kugawana nchi zilizo nyuma ya pwani ya Sultani wa Zanzibar. Mwingereza aliyesoma aliogopeshwa na habari ya mgeni mwenye nguvu ajaye kutawala kwao bila ya kuombwa. Watu wa pwani hawakuhitaji riwaya kwa hofu hiyo.

Walakini mwandishi anaikimbia vita aliyoianzisha. Ayesha anaingia motoni mara ya pili, uzee wa miaka yote unamshukia kwa dakika chache, anasinyaa na kufa. Hapana mtawaliwa hata mmoja aliyenyosha mkono; wala hapana hata mmoja aliyekuwapo kuona.

Tofauti na Fumo Liyongo ni kubwa. Liyongo si wa milele, ila chuma hakimdhuru. Auawa kwa shaba ya kitovuni, kwa mkono wa mwanawe aliyedanganywa na mtawala. Lakini hafi peke yake. Anapiga goti kisimani na mshale upindeni, na watu wa mji, wakidhani yu hai, wanakaa siku kadha bila ya maji, mpaka mama yake aletwe kumsihi. Amahagger wa Haggard, isipokuwa mzee wao mmoja, hawaonyeshwi hata wakiambiwa kwamba malkia wao amekufa.