Taa Inawaka, Mtandao Hakuna

Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Mwanza ilitoka angani. Kafe za katikati ya mji na ofisi zilizojiweza zilikuwa na dishi juu ya paa, likiitazama setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda, jibu likashuka, na nusu sekunde na ushee ilikuwa imeshapita. Nilijifunza ufundi wakati huo, chini ya kaka mmoja wa Kirumba ambaye swali lake la kwanza halikubadilika: "Dogo, taa ya poti inasemaje?"

Ikiwa imezima, ama kebo imekufa ama poti yenyewe, na mara nyingi chanzo kilikuwa radi. Mvua za ziwa hujengeka usiku juu ya maji na kutufikia alfajiri. Radi haikuhitaji kulipiga dishi lako. Kupiga jirani kulitosha, umeme ukaingia kwenye waya wa shaba na kushuka hadi kwenye ruta. Dawa yake ni ethi nzuri, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini, na hapo ndipo mji huu wa mawe ulipotutesa. Capri Point au Bugando, nondo ya ethi hukutana na mwamba kabla haijazama. Tulivuta waya mteremko mzima kutafuta udongo wenye unyevu. Bado naamini ethi zile ziliokoa ruta nyingi kuliko programu yoyote.

Lakini kulikuwa na tatizo gumu zaidi, lile la taa kuwaka vizuri huku mtandao ukisuasua, na watu wakiongezeka unazidi kuzorota. Tukiingia ndani ya ruta kusoma hesabu za poti, tunakuta makosa yanapanda. Upande mmoja wa kebo umefungwa kwa mkono kwenye megabiti 100, utume na kupokea kwa wakati mmoja. Upande wa pili umeachwa ujipangie. Huo wa pili, usipopata wa kupatana naye, hurudi kwenye mtindo wa kupokezana: mmoja akituma, mwingine anyamaze. Basi data zinagongana siku nzima na taa haisemi lolote. Tuliziacha pande zote mbili zijipangie, tukafuta hesabu, tukasubiri. Zikibaki sifuri, tumemaliza.

Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam, EASSy ikafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa, njia ya nyuzi za kioo ya nchi kavu, ukatufikia huku Kanda ya Ziwa. Nyuzi za kioo hazipitishi umeme, kwa hiyo radi ikapoteza mlango wake mkubwa. Hitilafu nazo zikahama. Sasa taa nyekundu humaanisha mwanga haufiki, na mara nyingi ni tingatinga lililochimba kando ya barabara. Kipo kifaa kinachorusha mwanga ndani ya uzi, kikapima muda wa ule unaorudi, na kukutajia umbali wa palipokatika. Nakiheshimu sana kifaa hicho. Zamani tungeifuata njia nzima kwa miguu.

Kwa mawimbi ya redio yanayovuka ziwa kwenda visiwani, ni habari nyingine. Huko maji yakitulia ndipo shida huanza, kwa sababu huakisi mawimbi, na yale yaliyoakisiwa hufika yakiyafuta yaliyokuja moja kwa moja.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilikatika baharini, mbali kusini mwa Tanzania. Kijana ninayemfundisha alinitazama. "Mzee, niizime ruta niiwashe tena?" Nikamwambia apime hatua kwa hatua. Taa zote kijani, makosa ya poti sifuri. Ruta ikajibu. Mtoa huduma akajibu. Dar es Salaam ikajibu. Kuvuka mpaka, data zikapotea. Tukaacha kila kitu kama kilivyo, tukaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja kuwaeleza kwamba kazi iliyobaki ni ya meli ya kutengeneza kebo, na hakuna kitu cha kugusa hapa Mwanza kitakachoiharakisha.