Waya wa Tatu

Hapa kwetu Bukavu umeme huja kama mgeni asiyetuma habari: leo jioni, kesho usiku wa manane, kesho kutwa hauonekani kabisa. Kwa hiyo ukifika, kila mtu hukimbilia kazi yake. Jumamosi moja ya majira ya mvua ulirudi saa moja ya usiku, na mtoto wetu wa kiume, mwenye miaka 11, akachukua pasi apate kunyoosha kanzu yake ya kutumikia Misa ya kesho. Hakuvaa viatu. Saruji ya sebule ilikuwa na unyevu bado, kwa maana dada yake alikuwa ameipangusa kwa maji.

Nilisikia sauti ambayo si kilio, bali kama ya mtu anayekabwa koo. Nikamwona ameishika pasi na mkono haukubali kuiachia. Niliruka ili nimvute. Mama watoto akapaza sauti: "Baba, usimguse! Nitawazika wawili!" Naye akakimbilia ukutani, akashusha swichi kubwa ya nyumba. Ikawa giza. Mtoto akaanguka, akalia kwa nguvu, na tangu kuzaliwa kwangu sijasikia kilio kitamu kama kile. Mungu ashukuriwe, aliungua kiganja tu.

Sasa lazima niungame. Mimi ni mwalimu. Kanuni ya Ohm, ambayo Mjerumani Georg Ohm aliitangaza mwaka 1827, nimeiandika ubaoni mara nyingi hata chaki yenyewe yaijua. Lakini siku ya kutia umeme nyumbani mwangu, fundi alinisihi ninunue kebo ya nyaya tatu. Nilitazama bei, nikanunua ya nyaya mbili. "Taa haitawaka?" nilimwuliza. "Itawaka, Mwalimu," akajibu. Nayo iliwaka. Fundi yule hana kosa lo lote.

Jumapili, baada ya Misa, nilimwomba Bruda mmoja mzee aje. Yeye ametunza mitambo ya misioni muda mrefu. Alifungua pasi, akanionyesha: mpira unaofunika waya wa moto, ule ambao mafundi wetu huuita fazi, ulikuwa umekauka na kupasuka, na shaba yake ikagusa chuma cha pasi. Kisha akafungua prizi ya ukutani. Akaangalia ndani, akaniangalia mimi, akanyamaza. Pasi yangu ilikuwa na nyaya tatu. Prizi ilikuwa na mbili. Huo ndio udanganyifu wa jambo hili: fishi huingia vizuri, pasi hupata moto, nguo hunyooka, wala hakuna kinachokuonya kwamba njia ya kwenda ardhini imekatika. Umeme uliotoroka ndani ya pasi ukakosa njia yake, ukapita katika mwili wa mtoto.

"Lakini kuna fyuzi," nikajitetea.

Bruda akasema: "Mwalimu, piga hesabu."

Nikapiga, kwa aibu. Umeme wa nyumba zetu ni volti 220. Mwili wa mtu aliyelowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi. Gawanya: utapata ampea 0.22. Taa ya zamani ya wati 60 hula ampea 0.27. Maana yake, umeme unaotosha kumwua mtu ni mdogo kuliko ule wa kuwasha taa moja! Kwa ampea 0.01 tu mkono waweza kujifunga usiachie, ikipita 0.03 na kukawia, moyo wenyewe u hatarini. Basi fyuzi yangu ya ampea 16 ingejuaje? Fyuzi hulinda nyaya zisiungue. Mtoto haimhusu.

Tulianza kazi wiki ile ile. Tulipigilia nondo ndefu ya shaba nyuma ya nyumba, mahali maji ya paa yanapodondokea, kwa maana udongo wenye maji hupokea umeme vizuri zaidi. Udongo wetu mwekundu haukutusumbua. Ndugu zetu wa Goma, wanaojenga juu ya mawe ya volkano, wana taabu kubwa zaidi. Mimi nilikuwa nimefikiri kuufunga waya kwenye bomba la maji, kama nilivyoona kwa jirani. Bruda akacheka: bomba lenyewe lilikwisha kubadilishwa, sasa ni la plastiki.

Hata hivyo nondo peke yake haitoshi. Ikiwa ardhi inakinza omu 100, umeme utakaopita hapo ni ampea 2.2, na ile fyuzi ya 16 italala usingizi. Ndiyo sababu tuliongeza kile chombo ambacho wenye kusema Kifaransa hukiita difaransieli, cha miliampea 30. Kazi yake ni kama ya mchungaji anayehesabu mbuzi: wangapi wametoka asubuhi, wangapi wamerudi jioni. Umeme uliokwenda na uliorudi usipolingana, mara moja hukata. Kiliniuma mfuko, sikatai. Bei yake pamoja na kebo mpya ilikuwa mara nyingi kuliko akiba niliyojivunia mwanzoni.

Chombo hicho kina kifungo kidogo cha kukijaribia. Jumapili ya kwanza ya mwezi (umeme ukiwapo!) mtoto wetu hupanda juu ya kiti na kukibonyeza. Nyumba yote huzimika, naye huangalia kovu la kiganja chake gizani kana kwamba anaweza kuliona, mpaka mama yake amwambie: "Haya, baba, turudishie mwanga."