Kwa Stori au kwa Mwezi?

Wiki iliyopita nilimtumia kijana mmoja wa Geita tangazo la ufadhili wa waandishi chipukizi wa habari za uchunguzi. Ni mwandishi wa mkoani, ana miaka mitatu kazini, na kalamu yake naiamini. Nilitegemea aniulize tarehe ya mwisho ya kuomba, au kama wanataka shahada. Akaniandikia mstari mmoja tu: "Shikamoo kaka. Hawa wanalipa kwa stori au kwa mwezi?"

Aliyewahi kufanya kazi hii nyumbani Tanzania anajua uzito wa swali hilo. Mimi naujua.

Mwaka 2013 nilikuwa Mwanza, naliandikia gazeti lililonilipa shilingi 7,000 kwa kila stori iliyotoka. Isiyotoka ilikuwa hasara yangu. Siku moja mwalimu wa kijiji kimoja ng'ambo ya ziwa akanipigia simu kuhusu kisima. Nikavuka kwa kivuko, nikapanda bodaboda, nikafika. Pampu ya mkono ilikuwa bado na rangi mpya ya bluu, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, ikatoa maji wiki mbili, ikanyamaza. Akina mama walikuwa wameanika maharage juu ya sakafu yake ya saruji. Mwalimu akanitolea nakala ya hati ya malipo: mradi mzima ulikuwa umelipwa, tena kwa visima vitatu. Mimi nilikiona kimoja.

Safari ile ilinila shilingi 22,000, yaani zaidi ya stori tatu. Kwenye ofisi ya mradi nikaambiwa mhusika yuko safarini, nirudi Jumatatu. Jumatatu hiyo mjini kulikuwa na semina mbili, na kila moja ilikuwa na "nauli" ya waandishi ndani ya bahasha. Kodi ya chumba ilikuwa imefika. Nikaenda semina. Hati ile ninayo mpaka leo. Habari yake sikuiandika.

Sasa niko Chicago, mwaka wa saba. Majira ya baridi yaliyopita nilikaribishwa kukaa siku mbili katika chumba cha habari kisichoendeshwa kibiashara, nimtazame binti wa miaka 24 aliyekuwa kwenye ufadhili wa mwaka mmoja. Alikuwa akichunguza jinsi wapangaji wanavyofukuzwa kwenye nyumba. Mezani kwake palikuwa na rasimu iliyochapwa, na kila sentensi ilikuwa na namba pembeni. Namba 14: hukumu ya mahakama, ukurasa wa 3. Namba 15: mahojiano, dakika ya 22. Mhariri wake, mama wa makamo, alivuta kiti karibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Hii umeijuaje?" Binti anajibu. "Na hii?" Anajibu. Kwenye namba 31 akanyamaza. Mhariri hakugomba. Aliizungushia sentensi duara kwa kalamu ya risasi, akampa wiki mbili aitafutie ushahidi.

Wiki mbili kwa sentensi moja, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoelewa ufadhili wa namna hii unanunua nini. Kamera na kompyuta ni nyongeza. Kinachonunuliwa ni muda wa mtu, na mkubwa wa kazi wa kukaa naye kiti kwa kiti. Mwandishi kijana analipwa kwa mwezi, mara nyingi na bima ya afya. Anakabidhiwa mhariri mmoja anayemjua kwa jina, na kabla habari haijatoka mwanasheria anaipitia. Akishitakiwa, hashitakiwi peke yake.

Matunda yake yanaonekana. City Bureau, shirika lililoanzishwa hapa Chicago mwaka 2015, limewalipa vijana wanaojifunza kuripoti mitaa yao, na hata wakazi wa kawaida wamelipwa kuhudhuria vikao vya umma na kuandika yanayosemwa. Mwaka 2024 Sarah Conway wa shirika hilo, pamoja na Trina Reynolds-Tyler wa Invisible Institute, walipata tuzo ya Pulitzer kwa habari zao kuhusu wasichana na wanawake weusi wanaopotea katika jiji hili na jinsi polisi walivyozishughulikia kesi zao. Baltimore nako, Alissa Zhu alichunguza vifo vya dawa za kulevya akiwa kwenye ufadhili wa The New York Times kwa habari za uchunguzi za mikoani. Mwaka 2025 yeye na wenzake wa The Baltimore Banner wakapata Pulitzer yao.

Usidhani ni lazima fedha ziwe nyingi. Mwaka 1969 Seymour Hersh alikuwa na miaka 32, mwandishi wa kujitegemea, na alikuwa amenong'onezwa kwamba kuna askari wa Marekani anayeshitakiwa kwa kuua raia Vietnam. Mfuko wa habari za uchunguzi ulioanzishwa mwaka huohuo na Philip Stern ulimpa dola 250 za kuanzia. Akasafiri, akamsaka Luteni William Calley mpaka akampata kambini Fort Benning. Baadaye mfuko ukamwongezea dola 2,000 amalize kazi. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua mauaji ya My Lai. Mwanzo wake ulikuwa nauli, tena nauli isiyodai fadhila, tofauti na ile ya kwenye bahasha.

Nyumbani hatukukosa moyo. Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi alifichua sakata la kitalu cha uwindaji Loliondo mwaka 1993, wakati wengi wetu hatujajua hata maana ya habari ya uchunguzi. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea Kibiti, akiliandikia Mwananchi habari za mauaji yaliyokuwa yakitokea huko. Hajaonekana tangu tarehe 21 Novemba 2017. Kila ninapolifikiria jina lake najiuliza tunawezaje kumtuma mtu kwenye hatari ya ukubwa huo kwa malipo ya stori moja moja.

Wala si kwamba hatujajaribu. Mfuko wa vyombo vya habari Tanzania, TMF, ulioanza mwaka 2008, ulitoa ruzuku kwa mwandishi mmoja mmoja na kumpa mlezi wa kumwongoza, na waandishi walikwenda vijijini kwa fedha hizo. Afrika Kusini, asasi ya habari za uchunguzi amaBhungane, iliyoanzishwa mwaka 2010, imekuwa ikiwapokea waandishi wa nchi nyingine za SADC wakae nao wajifunze. Mbegu ipo. Ila kwetu sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wahisani, na mhisani akibadili vipaumbele, shamba linabaki bila mtu wa kulipalilia.

Nyumbani sheria nayo inadai muda. Huku Illinois, jimbo lenye Chicago, ofisi ya umma ikiombwa nyaraka inatakiwa kujibu ndani ya siku 5 za kazi, ingawa inaweza kuomba nyongeza. Kwetu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi mpaka siku 30. Anayelipwa kwa mwezi anaweza kuzisubiri siku 30 huku akitafuta mashahidi wengine. Anayelipwa kwa stori atazisubiri akila nini? Haki ameandikiwa, muda wa kuitumia hana.

Huku nako si peponi. Ufadhili ukiisha, kijana anarudi kuhangaika, maana magazeti mengi ya miji midogo ya Marekani yamefungwa. Kwa miaka mingi nafasi hizi zilichukuliwa na waliotoka vyuo vya gharama, na ndiyo sababu mwaka 2016 mwandishi Nikole Hannah-Jones na wenzake walianzisha chama chenye jina la Ida B. Wells, kiwafungulie mlango waandishi weusi na wengine waliosahauliwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo sisi tulioko ughaibuni hatuna haja ya kufundishwa na mtu: kuchanga. Msiba ukitokea leo, kufika kesho kutwa kundi la WhatsApp lina mweka hazina, orodha ya majina, na nauli ya kusafirisha mwili. Harusi tunachanga, matibabu tunachanga. Basi watu 30 wakitoa dola 10 kila mwezi, ni dola 300. Kwa kijana wa mkoani hiyo ni kodi, chakula, nauli na vocha kwa mwezi mzima. Miezi sita ya namna hiyo inatosha kuvihesabu visima vitatu.

Masharti yawe magumu, maana fedha ikiingia bila mipaka hugeuka bahasha nyingine. Majina ya wachangiaji yawekwe wazi. Hakuna mchangiaji anayechagua mada, wala anayeona habari kabla haijatoka, hata kama inamgusa shemeji yake. Mhariri mstaafu alipwe awe mlezi, na mwanasheria aitwe mapema, kabla ya kesi.

Nimemjibu kijana wa Geita. "Marahaba mdogo wangu. Wanalipa kwa mwezi. Omba, na uwaandikie ile stori unayoiacha kila siku kwa sababu ya nauli." Kisha nikafungua faili langu, nikaipiga picha ile hati ya malipo, karatasi imeanza kuwa ya njano kwenye mikunjo, nikamtumia pamoja na maelezo ya pampu ya bluu na mpira wa baiskeli.

Baada ya dakika chache akajibu. Safari hii hakuuliza habari ya malipo. Aliniomba jina la kijiji.