Picha za Oysterbay na Mikeka ya Ndagoni



Sisi wa Ndagoni tunaishi karibu na mji uliopotea. Kule Ras Kisimani palikuwa na mji wa zamani. Bahari imekula sehemu kubwa ya mji huo. Leo tunaokota vigae tu mchangani. Waliofinyanga vyungu vile hatuwajui.

Leo nitawaeleza habari za mahali ambapo kazi ya fundi haikupotea. Mahali hapo ni Oysterbay, mjini Dar es Salaam. Kutoka Ndagoni unakwenda Kilindoni. Hapo unapanda chombo hadi Nyamisati, kisha unapanda basi. Ukifika Oysterbay, uliza penye picha za Tingatinga. Utaona chui, ndovu, samaki na ndege, wote kwa rangi kali.

Kazi ilivyoanza

Aliyeanzisha kazi hii ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani.

Mwaka 1968 alianza kuchora picha. Hakusomea kazi hiyo shuleni. Alitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa chini ya mbuyu, karibu na duka la Morogoro Stores. Wageni waliokuja dukani walizipenda, wakazinunua.

Fundi alipofariki

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, akafariki. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Je, kazi yake ilikufa? Hapana. Alikuwa amewafundisha vijana wachache, na baadhi yao walikuwa jamaa zake. Vijana hao waliendelea kuchora. Nao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo picha za namna hii zinaitwa Tingatinga, na zinajulikana hadi Ulaya na Japani.

Tazameni jambo hili. Wachoraji wengi wanakaa mahali pamoja. Mnunuzi anajua pa kuwapata. Kijana anayetaka kujifunza naye anajua pa kwenda.

Na sisi je?

Mama zetu wa Ndagoni wana ujuzi mkubwa. Wanajua kukausha ukindu, kuutia rangi, kusuka ukili na kushona mkeka. Mkeka mmoja huchukua siku nyingi. Lakini kila mama anauza peke yake, mlangoni kwake. Mchuuzi akija, yeye ndiye anayepanga bei. Tena mabinti wengi hawakai na bibi zao kujifunza.

Tufanye hivi:

Kwanza, tuchague mahali pamoja pa kusukia na kuuzia, hata chini ya mti.

Pili, wasukaji wapatane bei, ili mchuuzi asiwagawanye.

Tatu, kila bibi amfundishe binti mmoja, tangu kukata ukindu mpaka kushona.

Nne, tuuhifadhi mkindu. Tusikate makuti yote machanga, mti usije ukafa.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Kisimani hatuwezi kuirudisha, lakini ujuzi wa mkeka bado tunao. Tuurithishe mapema.