Nilihepa Darasa kwa Simu, Mathe Akaendelea Kutuma Pesa ya Bando

Wasee, kuna swali naulizwa kuliko hata lile la kamera ninayotumia: "Unatokaje kwenye darasa la Google Classroom?" Wengine wenu mko shule ya upili na darasa la mwaka juzi bado linawajazia simu arifa. Wengine mko kampasi na mliingia yuniti ya wenyewe kimakosa. Halafu kuna wale wananiandikia saa saba usiku na hawasemi sababu. Hao ndio naandikia zaidi leo, kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Kwanza jibu lenyewe, stori itafuata.

Fungua Classroom kwa simu. Ukurasa wa kwanza kila darasa liko na kadi yake, na kwenye kadi kuna vidoti vitatu. Bonyeza hapo kwa lile darasa unataka kutoka, chagua kujiondoa, thibitisha. Basi. Kwa kompyuta ni vile vile. Hakuna mahali utaulizwa kwa nini.

Usipoona chaguo la kujiondoa, pengine mwalimu ashaliweka hilo darasa kwenye kumbukumbu. Likishafika huko huwezi kujitoa mwenyewe, inabidi umwombe akutoe. Na ukitoka kwa bahati mbaya usishtuke. Rudi na ule msimbo wa darasa mliopewa mwanzoni, ama umwombe mwalimu akualike tena.

Kuhusu faili: darasa linapotea kwa skrini yako, lakini faili zako zinabaki kwenye Google Drive, ndani ya folda inaitwa Classroom. Sasa hapa kuwa makini. Ukiwasilisha kazi, mwalimu ndiye anakuwa mwenye hiyo faili mpaka akurudishie. Kwa hivyo kazi unayoijali itolee nakala kabla hujabonyeza chochote. Na kama unatumia akaunti uliyopewa na shule, jua ni ya shule, si yako. Siku wakiifunga, vitu vyako vinaenda nayo. Hamisha mapema kwa akaunti yako mwenyewe.

Haya, hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mimi niliijua yote na bado niliharibu.

Niliingia kampasi kusomea takwimu. Mwaka wa kwanza nilikuwa sawa, hata kuna yuniti nilikuwa naelezea wenzangu. Mwaka wa pili yuniti zetu kadhaa zikahamia mtandaoni. Tulikuwa zaidi ya 300 kwa darasa moja, na ukumbi haukuwa unatutosha. Nilikuwa naishi kibedsita karibu na kampasi, simu yangu kioo kimepasuka, na nilikuwa na deni la karo la semista iliyopita.

Kazi ya kwanza sikuwasilisha kwa sababu bando iliisha katikati. Ya pili sikuwasilisha kwa sababu ilitegemea ya kwanza. Ya tatu nilikuwa na bando na muda, lakini nilishakuwa nyuma sana, nikaona aibu kuuliza swali mbele ya watu 300. Si unajua vile inakuwa? Kazi usiyowasilisha Classroom inaiandikia kwa rangi nyekundu kwamba haipo. Kufika wiki ya tano, ukurasa wangu ulikuwa mwekundu mpaka nikawa naogopa kushika simu yangu mwenyewe.

Siku moja usiku lekcha akaweka kazi nyingine. Nikafungua ile kadi, nikabonyeza vidoti, nikajiondoa. Halafu nikaenda kwa kadi ya pili. Ya tatu. Ya nne. Manze, nililala fofofo. Sijawahi lala vile tangu nijiunge na chuo.

Asubuhi nilikuwa nangoja mtu anipigie. Lekcha, mwakilishi wa darasa, mtu yeyote. Simu ilinyamaza. Wiki ikaisha. Nikajiambia kama hakuna aliyeona nimetoka, basi hata sikuwa muhimu humo ndani. Leo naona kwamba hawangeona. Mtu mmoja kati ya 300 akipotea kwenye orodha, nani atahesabu? Na mimi sikuwa nimemwambia mtu.

Sasa mathe. Mathe anauza mboga Nakuru. Kila Jumapili jioni, akishahesabu pesa ya wiki, alikuwa ananitumia shilingi 250 kwa M-Pesa na ujumbe mmoja tu: "Ya darasa." Jumapili ya kwanza baada ya kujiondoa, pesa ikaingia. Nikaitazama. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo pesa ikaingia tena.

Nilikula hizo 250 miezi saba.

Na sikuzitumia vibaya kwa maana ya pombe ama nini. Nilinunua bando nikapakia video. Zile video zangu za kwanza ambazo wengine wenu mnasema mlinijua nazo, zimelipiwa na sukuma wiki ya mathe, akidhani nasoma. Kila akinipigia aliuliza, "Darasa laendaje?" Nami najibu, "Liko poa, Mama." Mpaka nikawa nabuni maswali ya mtihani ambao haukuwepo, nikimwambia lile la pili ndilo lilinisumbua.

Desemba nikaenda nyumbani. Jioni moja tuko jikoni anakata mboga, akapangusa mikono na leso akasema, "Hebu nionyeshe hiyo klasi yenu ya simu. Nataka niwaone hao walimu ninaowalipia bando." Hakuwa ananichunguza. Alikuwa na furaha kabisa. Shoga yake wa sokoni alikuwa na binti kampasi na alishaonyeshwa.

Nikafungua Classroom. Ukurasa mtupu. Hakuna kadi hata moja, alama tu ya kuongeza darasa.

"Ziko wapi?"

Nikasema ni netiweki. Akangoja. Akaniambia nitoke nje nijaribu kule kwa mwembe, ndiko simu hushika vizuri. Nikatoka kweli. Nikasimama chini ya mti na simu yenye netiweki imejaa, kama mjinga, nikisubiri muda utoshe ndio nirudi kumwambia imekataa. Hapo ndipo nilichoka. Nikarudi nikamwambia yote, kuanzia ile kazi ya kwanza.

Nilijua atalia ama atanifukuza. Aliendelea kukata mboga kidogo, halafu akauliza, "Kwa hivyo zile mia mbili hamsini zilikuwa zinaenda wapi?" Nikamwambia. Akanyamaza tena. Halafu akasema, "Mimi hata nikifunga kibanda siku moja, jana yake nawaambia wateja. Wewe ulifunga shule na hukuniambia."

Kuhusu kuacha masomo hakusema neno usiku huo. Kilichomuuma ni zile Jumapili.

Januari alinilazimisha nirudi kampasi, si kusoma, kufunga mambo. Na hapo ndipo nilipata somo ambalo natamani ningelipata bure. Kwenye Classroom nilishatoka. Kwenye rejista ya chuo jina langu lilikuwa limekaa vizuri kabisa. Kumbe nilikuwa nimehesabiwa kama mwanafunzi muda huo wote, na karo ya semista ambayo sikuhudhuria hata siku moja ilikuwa imeongezwa juu ya lile deni la zamani. Mama mmoja wa ofisini akaniangalia akasema, "Kijana, si ungeleta barua tu uahirishe? Ungerudi ukiwa tayari." Barua. Ukurasa mmoja. Sikujua hata kama kuna kitu kama hicho, kwa sababu sikuwa nimeuliza mtu.

Mkopo wa HELB nao haujui mambo ya vidoti vitatu. Pesa niliyopewa ni deni, na wangu una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nikiwa na digrii ama nisipokuwa nayo. Nitalipa. Naulipa polepole hata sasa.

Nisieleweke vibaya. Siji hapa kuwaambia shule ni upuzi. Kuna mwezi kazi hii inanilipia kodi ya nyumba na inabaki, na kuna mwezi nampigia landilodi simu nikiomba siku kumi. Pia siji kuwaambia kila mtu akae hata kama amezama. Kuacha sijutii sana. Najuta vile niliacha, usiku, peke yangu, kama mtu anaiba.

Kwa hivyo wewe ambaye uko kwenye vidoti sahi, saa hii ya usiku, sikiza. Kama ni darasa la mwaka juzi ama uliingia kimakosa, bonyeza ulale. Hakuna shida hapo.

Kama unatoka kwa sababu umezidiwa, acha mpaka asubuhi. Darasa litakuwa bado lipo. Asubuhi mwandikie lekcha ama mwalimu ujumbe mfupi: nimebaki nyuma, sijawasilisha kazi hizi, naweza kufanya nini? Mbaya zaidi atanyamaza, na hapo hujapoteza kitu. Kama tatizo ni karo ama nyumbani ama kichwa, nenda ofisini ukaulize kuhusu kuahirisha masomo, na uulize deni linakuwaje ukiahirisha na linakuwaje ukipotea. Peleka barua, na ubaki na nakala yenye muhuri. Toa nakala ya kazi zako. Halafu kama bado unaona lazima utoke, toka, lakini jina lako litoke kila mahali, si kwa simu tu.

Na kabla ya hayo yote, mpigie yule anayekutumia pesa ya bando. Najua ndiyo simu ngumu kuliko zote. Mimi niliiahirisha miezi saba na haikupungua ugumu hata kidogo, iliongezeka kila Jumapili.

Mathe siku hizi hatumi. Mimi ndio namtumia, Jumapili hiyo hiyo, shilingi 250, hata mwezi mbaya. Mara ya kwanza alinipigia akaniuliza ni za nini. Nikamwambia, "Ya darasa, Mama." Akacheka, halafu akakata simu haraka. Sikumuuliza kwa nini.