Shujaa Hazeeki, Kalenda Haingoji

Niliingia katika biashara ya katuni za mashujaa mwaka 1991, jijini New York, nikiwa msahihishaji prufu wa muda. Kiingereza nilikisoma Tanga, kwa walimu waliokuwa wakali wa nukta na mkato, na ukali wao ndio ulionipatia ugali Manhattan. Kampuni iliyoniajiri haikuwa Marvel wala DC. Ilikuwa moja ya zile ndogo zilizoishi pembeni mwa hao wakubwa wawili, lakini karibu kila aliyekuwamo alikuwa amepitia kwao na kuja na desturi zao. Baada ya muda nikapandishwa cheo kuwa mhariri msaidizi.

Nilidhani wahariri wa katuni hushinda wakibuni mashujaa. Nilichokikuta ni kalenda kubwa ukutani, iliyojaa rangi na mishale. Kila jarida lilikuwa na mstari wake: hadithi, penseli, maneno, wino, rangi, kiwanda. Tarehe ya kiwanda peke yake ndiyo iliyokuwa ya kweli. Zote zilizoitangulia tulizirudisha nyuma kwa makusudi, kwa sababu mchoraji ukimpa siku ya haki atakupa kurasa baada ya siku hiyo. Wachoraji wazoefu walijua kwamba tunadanganya, na wakati wote walikuwa wakikisia tunadanganya kwa siku ngapi.

Hesabu yenyewe ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Jarida la kawaida lilikuwa na kurasa 32 ndani ya jalada, na 22 kati ya hizo zilikuwa za hadithi. Zilizobaki ni matangazo na barua za wasomaji. Mchoraji mzuri humaliza ukurasa mmoja wa penseli kwa siku. Mwezi una siku za kazi 20 na kidogo. Mtoto wake akiugua, au akivunjika moyo na ukurasa wa kumi, mwezi umekwisha. Ndiyo maana kazi imegawanywa jinsi ilivyogawanywa: mmoja anaandika, mwingine anachora kwa penseli, wa tatu anapitisha wino juu ya penseli hiyo, wa nne anaandika maneno, wa tano anapaka rangi. Mtu mmoja mwenye kipaji angeweza kufanya yote matano. Asingeweza kuyafanya kila mwezi.

Kurasa zilichorwa kwenye karatasi ngumu za inchi 11 kwa 17, kisha zikapunguzwa wakati wa kuchapa. Karatasi hizo zilisafiri kuliko sisi. Mchoraji alikuwa jimbo moja, mtia wino jimbo jingine, na kifurushi cha usiku mmoja ndicho kilichowaunganisha. Asubuhi nilifungua bahasha, nikahesabu kurasa, nikaangalia kama kovu la shujaa limebaki shavu lilelile, nikapiga nakala, nikafunga tena na kutuma mbele. Karibu wote hawa walikuwa vibarua wa kulipwa kwa ukurasa. Wasipoleta, hawali, nasi tusipowalipa kwa wakati, mwezi ujao wanachorea kampuni nyingine. Sehemu kubwa ya uhariri wangu ilifanyika kwa simu, nikibembeleza, nikipoza hasira, nikisikiliza habari za talaka na za kodi ya nyumba.

Mtindo maarufu wa kutunga katuni ulizaliwa na shida hiyohiyo ya muda. Katika miaka ya 1960, Stan Lee aliandikia majarida mengi ya Marvel kwa wakati mmoja. Hakuweza kuandika kila ukurasa kabla mchoraji hajaanza, kwa hiyo alimpa Jack Kirby au Steve Ditko muhtasari tu, wao wakaichora hadithi nzima, kisha akarudi kujaza maneno. Uliokoa siku nyingi. Ulileta pia ugomvi ambao haujaisha mpaka leo: ikiwa mchoraji ndiye aliyepanga matukio, nani mtunzi? DC wao walipendelea mwandishi amalize kila kitu kwanza, maneno na maelezo ya kila fremu. Sisi tulifuata mtindo wowote ambao ungefika kiwandani.

Msahihishaji ana maadui wake. Maneno ya katuni huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na herufi L ikisogeleana na I, husomeka kama U, hasa wino ukisambaa kwenye karatasi ya bei rahisi. Kwa hiyo wahariri wa Marekani wameliogopa jina Clint kuliko jeshi lolote kutoka sayari nyingine. Anayejua Kiingereza atajaza mwenyewe. Prufu ikinijia usiku, hayo ndiyo niliyoyatafuta kwanza, sarufi ilifuata.

Mama, kila nilipompigia simu, aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi.

“Nahariri magazeti ya katuni, mama.”

“Kama Sani?”

“Kama Sani, ila ya watu wanaoruka angani.”

“Haya mwanangu. Ili mradi wanakulipa.”

Gazeti la Sani alilijua, nyumbani wahusika wake Lodilofa na Ndumilakuwili walisomwa na wakubwa kabla ya watoto kuruhusiwa kulishika. Hakunielewa nilipomwambia kwamba wahusika wetu hawaruhusiwi kuzeeka. Lakini hiyo ni kazi ya kalenda pia. Superman yupo tangu 1938 na Spider-Man tangu 1962, na jarida la mwezi ujao lazima litoke, kwa hiyo hakuna ndoa isiyoweza kuvunjwa wala kaburi lisilofukuliwa. Novemba 1992 DC walimuua Superman katika toleo la 75 la jarida lake, likauzwa ndani ya mfuko mweusi na kitambaa cha msiba cha kufunga mkononi. Watu walipanga foleni barabarani. Ofisini kwetu hakuna aliyelia. Tulichobishana ni mwezi gani atafufuka. Alirudi 1993.

Kwa kuwa nilitoka Afrika Mashariki, kila ukurasa wenye Afrika uliletwa mezani kwangu, hata wa majarida yasiyonihusu. Mashujaa wa Marekani walikuwa na Afrika yao ya siku nyingi: nchi ya Wakanda ilibuniwa New York mwaka 1966, na Storm wa X-Men, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, wasomaji walimkuta kwa mara ya kwanza Kenya, wanakijiji wakimwabudu kama mungu wa mvua. Siku moja nikaletewa bandari ya Mombasa yenye vibanda vya nyasi na simba gatini. Mchoraji hakuwa na ubaya. Hapakuwa na intaneti. Kila ofisi ilikuwa na kabati la picha zilizokatwa magazetini, na katika kabati letu mfuko wa “Afrika” ulikuwa na wanyama tu. Nikaandika nyumbani kuomba kadi za posta: Mji wa Kale wa Mombasa, Forodhani, stesheni ya treni ya Dar es Salaam. Nikaujaza ule mfuko. Fremu zilichorwa upya, na simba akarudi porini.

Fedha za wakati ule zilikuwa nyingi na za uongo. X-Men ya kwanza ya 1991, yenye majalada mbalimbali kwa hadithi ileile, iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8. Lakini ziliuzwa kwa maduka. Tangu miaka ya 1970 maduka ya katuni yalikuwa yakinunua kwa punguzo kubwa bila haki ya kurudisha yasiyouzika, nayo yaliagiza miezi kadhaa kabla ya jarida kutoka, kwa kuangalia picha ya jalada na sentensi chache. Wateja walinunua nakala tano tano wakitumaini zitawasomeshea watoto. Walipogundua kwamba kitu chenye nakala milioni 8 hakiwezi kuwa adimu, waliacha kuja. Maduka yakafungwa. Mwishoni mwa 1994 Marvel ilinunua msambazaji wake yenyewe, wachapishaji wengine wakakimbilia mikataba na msambazaji Diamond, na kufikia 1996 Diamond alibaki karibu peke yake. Desemba mwaka huohuo Marvel ikaomba ulinzi wa mufilisi mahakamani. Kampuni yetu haikufika hata huko. Tuliitwa kwenye chumba cha mikutano asubuhi, na adhuhuri tulikuwa barabarani na maboksi yetu.

Katika miaka ile jambo lililonifunza kuliko mengine lilikuwa karatasi za malipo, ambazo mhariri msaidizi huzijaza. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza hadithi ya kwanza ya Superman, pamoja na haki zake, kwa dola 130. Walipata pensheni ya DC mwaka 1975, wakiwa wazee, baada ya aibu kuenea magazetini. Kuna wakati sharti la kukabidhi haki lilichapwa nyuma ya hundi, mahali pale unapoweka sahihi ili ulipwe. Ukitaka hela, umeuza. Wachoraji saba nyota walipoondoka Marvel mwaka 1992 kuanzisha kampuni ya Image, walikuwa wanakimbia historia hiyo. Dwayne McDuffie na wenzake walioanzisha kampuni ya Milestone mwaka 1993, wakawaleta mashujaa Static na Icon, walisambazwa na DC lakini wahusika walibaki mali yao. Milestone iliacha kuchapa katuni 1997. Umiliki haukuinusuru na soko, ila mpaka leo Static ana watu wa kumdai.

Sasa nahariri kwa kibarua, nikiwa nyumbani New Jersey. Kurasa zinafika kwa kompyuta kutoka Brazil, Hispania na Ufilipino, na hakuna bahasha ya kufungua. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi nao hunitumia mashujaa wao. Michoro yao mara nyingi haihitaji neno langu. Swali langu la kwanza huwa lilelile: toleo la tatu limefika wapi? La kwanza huchorwa kwa hamu, la pili kwa sifa za marafiki. La tatu huchorwa wakati hakuna anayeuliza, na linaonyesha kama una jarida au una mchoro mzuri tu. Swali la pili ni nani atakuwa na haki za shujaa huyo baada ya miaka 20. Wengi hawana jibu, kwa sababu hundi zimeondoka na sharti lile limehamia ukurasa wa mwisho wa mkataba, kwa herufi ndogo. Nawaambia wausome huo kwanza, kabla ya ukurasa wenye bei.